Si Chira, Si Kisu cha Daktari: Historia ya Damu Inayokataa Kuganda

Mtu akipasuliwa, atoke thieta salama, aongee na watu wake, halafu usiku huo au siku ya nne aanze kuvuja damu bila kukoma, hapa Migori utapata maelezo matatu kabla jua halijazama. La kwanza, daktari alikata mahali hapakufaa. La pili, hiyo familia damu yao ni nyepesi, hata babu yao alikuwa hivyo. La tatu linasemwa kwa sauti ya chini, kawaida na mtu mzima: chira. Kuna mwiko ulivunjwa mahali na sasa mwili unalipa.

Wasee, kuna elezo la nne, na lina zaidi ya miaka mia moja. Damu yenyewe inaweza kupoteza uwezo wa kuganda. Si ugonjwa wa kuzaliwa nao na si wa ukoo. Unaupata ukiwa mtu mzima mwenye afya, na kinacholeta ni upasuaji wenyewe, au lile jambo lililokufanya upasuliwe, au hata dawa uliyopewa baadaye. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nasomea udaktari, kwa hivyo msiniite dakta. Lakini historia naweza kusoma, na hii imenishika kwa sababu inatuhusu sana na hakuna mtu hutuambia.

Tuanze ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana Mwingereza mmishonari aliyekuwa amesomea udaktari, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Pale alishuhudia mama wa kama miaka 20, mimba ya kwanza, akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mama alipewa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mpasuaji alinawa mikono kwa hiyo pombe, akalisafisha tumbo nayo, kisha maji. Akakata. Msaidizi wake alikuwa na chuma cha moto, na kila mshipa uliovuja aliugusa nacho. Mtoto alipotoka, mpasuaji aliweka kisu chini, akaushika mji wa mimba kwa mikono miwili na kuukamua mara moja au mbili ili ukaze. Tumbo likafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma na kamba ya gome. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama hai, mtoto hai. Felkin aliichapisha habari hii 1884 kwenye jarida la madaktari la Edinburgh. Kumbuka kwamba Ulaya wakati huo mama aliyepasuliwa hivyo kwa kawaida alikufa, na hata wazo la kushona mji wa mimba vizuri lilikuja kushika tu baada ya Mjerumani Max Sänger kuandika juu yake 1882.

Na huku kwetu, ukipanda tu kutoka Rongo kuelekea Kisii, Abagusii walikuwa na omobari, mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyegongwa akabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha alifunguliwa ngozi, fuvu likakwanguliwa taratibu, damu ikazuiwa kwa dawa za miti. Madaktari wa hospitali walikuja kuandika kuhusu kazi hiyo karne ya 20, wagonjwa wakiwa bado wanatembea mjini.

Nimewataja hawa kwa sababu mtu anaweza kufikiri babu zetu hawakuelewa damu. Waliielewa vizuri sana. Chuma cha moto ni kwa mshipa uliokatika. Kukamua ni kwa mji wa mimba uliolegea, na hadi leo hilo ni kati ya mambo ya kwanza mkunga hufanya mama akizidiwa na damu. Lakini zote mbili zinatibu damu ambayo ina mlango wa kutokea. Unatafuta mlango, unaufunga. Aina ya pili ya kuvuja ni ile ambayo mlango hauonekani, au milango iko kila mahali.

Chukua wavu wa omena. Ukijikata, kitu cha kwanza kufika kwenye kidonda ni vipande vidogo vya damu vinavyoitwa chembe sahani. Vinashikana pale kama mawe uliyoweka kuziba mfereji. Mawe peke yake yatasombwa, kwa hivyo mwili unatandaza wavu juu yake. Nyuzi za huo wavu zinatokana na protini inayoitwa fibrinojeni, na fundi anayezishona anaitwa thrombini. Thrombini halali kazini wala haamki ovyo. Anaamshwa na msururu mrefu wa protini zingine, nyingi zikitengenezwa kwenye ini. Na upande mwingine mwili una mkasi wake, kemikali inayokata wavu kidonda kikishapona, la sivyo sote tungekuwa na mabonge kwenye mishipa. Huo mkasi tutaurudia.

Mwaka 1901 daktari wa uzazi wa Chicago, Joseph DeLee, aliandika kuhusu mama ambaye kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, na damu yake ikakataa kuganda mpaka akafa. Ilichukua miaka mingi kueleweka vizuri. Kondo likibanduka, vitu vyake vinaingia kwenye damu ya mama na kuamsha thrombini kila mahali kwa wakati mmoja. Wavu unatandazwa ndani ya mishipa midogo ya figo, ya mapafu, ya ngozi, mahali hakuna kidonda kabisa. Ni kama wavuvi wote wa Mbita wametupa nyavu asubuhi moja kwenye maji yasiyo na samaki. Jioni kidonda cha kweli kinapohitaji wavu, ghala ni tupu. Mama anavuja kwenye mshono, kwenye fizi, kwenye kile kitundu cha sindano mkononi. Hiyo hali huletwa na mambo mengine pia: maambukizi makali baada ya upasuaji, ajali mbaya, mtoto aliyefia tumboni akakaa siku nyingi.

Sasa swali ni utajuaje ukiwa hospitali ya wilaya na si Chicago. Hapa ndipo kuna kitu nakipenda sana. Mwaka 1913 madaktari wawili wa Boston, Roger Lee na Paul Dudley White, walieleza kipimo cha kuweka damu ya mgonjwa kwenye kichupa cha kioo na kuhesabu dakika mpaka igande. White baadaye alikuja kuwa daktari wa moyo wa Rais Eisenhower, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni hicho kichupa. Shirika la Afya Duniani, WHO, bado linafundisha toleo lake kwa hospitali zisizo na mashine. Unachukua mililita mbili za damu, unaweka kwenye kichupa kisafi cha kioo, unakishika ndani ya ngumi ili kipate joto la mwili. Baada ya dakika nne unakiinamisha polepole. Kisha kila dakika moja unaangalia tena. Ikifika dakika ya saba na damu bado inateleza, au imefanya bonge laini linalovunjika, shida ni damu yenyewe. Kioo, ngumi na saa. Hakuna stima inahitajika.

Nimekiona kikifanywa. Mke wa binamu yangu alipasuliwa kujifungua katika hospitali moja ya pande hizi, sitaitaja. Kondo lilikuwa limebanduka. Mtoto hakupona. Alitoka thieta saa tano usiku, na kufika saa saba shuka lilikuwa limelowa, na kwenye mkono, pale sindano ya kwanza ilikuwa imetolewa, kulikuwa na uzi wa damu unatiririka mpaka kiwiko. Pale kwenye ujia, anko alikuwa amemshika daktari kijana kola akimuuliza amekata nini. Dani alikuwa ameketi kwenye benchi, anasema kwa Kijaluo kwamba alikataza ile nyumba isijengwe mwaka huo. Na katikati ya hizo kelele, sista mmoja wa wodi alikuwa amesimama kando ya kitanda, ngumi imefungwa, macho kwenye saa ya ukutani. Hakusema kitu. Alifungua ngumi, akakiinamisha kichupa, damu ikakimbia kama chai. Akafunga tena. Alipofungua mara ya mwisho akamgeukia binamu yangu: "Baba, mwache daktari. Damu yake imeishiwa na kitu cha kugandisha. Nitafutie watu wa kutoa, na nataka leo, isiwe ya kesho."

Plazma hakukuwa. Vijana wa boda waliokuwa wamelala juu ya pikipiki zao kwenye geti waliamshwa, saba, wakaingia kupimwa, wanne wakafaa. Chupa nne za damu mbichi, zikapimwa magonjwa, zikawekwa. Mji wa mimba ulitolewa asubuhi. Shemeji yuko hai. Anko mpaka leo anaamini daktari alikata kitu.

Na lazima niwe wa haki kwa anko. Mara nyingi mtu akivuja baada ya upasuaji, huwa kweli ni mshipa haukufungwa vizuri, na daktari anafaa kuangalia hapo kwanza. Shida ni tukibaki hapo tu. Kwa sababu mtu ambaye damu yake haigandi ukimrudisha thieta kutafuta mshipa, umemwongezea kidonda kingine cha kuvuja.

Lile neno la sista, "isiwe ya kesho", nilikuja kulielewa baadaye. Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu 1901 kule Vienna. Mwaka 1914 chumvi ya sitreti ikaanza kutumika kuzuia damu ya kuwekewa wagonjwa isigande nje ya mwili, na kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia damu ikaanza kuwekwa kwenye chupa na barafu. Baadaye wakajifunza kuigawanya: chembe nyekundu kwenye friji wiki tano au sita, plazma iliyogandishwa kwa barafu mwaka mzima, chembe sahani siku tano tu na zinataka kutikiswa kila wakati nje ya friji. Kugawanya kuliokoa watu wengi, chupa moja inasaidia wagonjwa watatu. Lakini angalia kinachotokea hospitali ndogo. Mgonjwa anavuja, anawekewa maji ya chumvi lita tatu, halafu chembe nyekundu kutoka kwenye friji. Rangi imerudi, presha imepanda. Wavu je? Kwenye ile chupa nyekundu wavu karibu hakuna, na ule kidogo aliobaki nao umezimuliwa na maji. Juu ya hapo amepoa, na fundi wa kushona hafanyi kazi vizuri kwenye baridi. Yaani unaweza kumpa mtu damu na hapo hapo ukamfanya azidi kuvuja. Damu iliyotoka kwa mtu saa hiyo ina kila kitu, ndio maana sista aliitaka.

Kuna njia nyingine ya kuishiwa, na hii itawachekesha. Miaka ya 1930 Henrik Dam, mwanasayansi wa Copenhagen, alikuwa analisha kuku chakula kisicho na mafuta. Kuku wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi. Alitafuta kinachokosekana, akakipata, akakiita vitamini K, herufi ya kwanza ya neno kuganda kwa lugha yake. Mwaka 1943 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Ini bila vitamini K linatengeneza protini za kugandisha zisizofanya kazi. Na vitamini K inapatikana wapi? Kwenye majani ya kijani. Sukuma wiki imejaa. Basi fikiria mgonjwa amepasuliwa utumbo, amekatazwa kula wiki moja, anaishi kwa dripu, na anapigwa antibiotiki kali zinazoua pia bakteria wa tumboni ambao humtengenezea kidogo ya hiyo vitamini. Siku ya nane kidonda kinaanza kutoa damu. Hakuna aliyemkata vibaya. Sindano ya vitamini K ni ya bei ndogo sana, na inaanza kurekebisha mambo ndani ya saa chache. Ukiniuliza, katika stori hii yote hapo ndipo inauma zaidi mtu akifa.

Halafu kuna ile ambayo tiba ndiyo iligeuka ugonjwa. Kuanzia miaka ya 1940, wapasuaji wa Marekani na Ulaya walipata unga wa thrombini uliotolewa kwenye damu ya ng'ombe. Mahali panapovuja unamwaga unga, panaganda papo hapo. Ilitumika kwa moyo, mishipa, mifupa. Lakini mwili wa binadamu unamjua mgeni. Baadhi ya wagonjwa walitengeneza kingamwili dhidi ya ile protini ya ng'ombe, hasa dhidi ya kigandishi namba tano kilichokuwa kimechanganyika humo, na kwa vile cha ng'ombe kinafanana na cha binadamu, kingamwili zikashambulia na chao wenyewe. Siku kadhaa baada ya kutoka hospitali, mtu anaanza kuvuja. Mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru lile onyo kali kabisa liwekwe kwenye paketi, na 2008 ikaidhinisha thrombini inayotengenezwa maabara bila ng'ombe. Zaidi ya miaka 50, wasee. Madaktari wa thieta za kifahari duniani walikuwa wanauliza swali lile lile la anko: nani alikata nini?

Hizo kingamwili zinaweza kuja hata bila ng'ombe. Kuna ugonjwa unaitwa hemofilia ya kupata. Hemofilia ya kawaida unazaliwa nayo, na wanaougua sana ni wanaume. Hii ya kupata inashika yeyote, mara nyingi wazee, lakini pia mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, na mara nyingine mtu aliyetoka kupasuliwa. Kinga ya mwili inaamka asubuhi moja na kuanza kuharibu kigandishi namba nane. Mtu ambaye maisha yake yote alijikata na panga shambani akapona, sasa ana madoa makubwa meusi kwenye mapaja na kidonda kisichokauka. Uingereza walihesabu wagonjwa wao na kupata kama mtu 1 na nusu kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Piga hesabu: watu watatu kwa mwaka. Sawa, sisi ni vijana zaidi ya Waingereza, kata nusu, kata zaidi. Bado kati ya Kendu Bay na Isebania kila baada ya mwaka mmoja au miwili kuna mtu mwenye huu ugonjwa. Wewe umewahi kusikia mmoja? Mimi nimesikia tu watu "waliokataa kupona baada ya oparesheni".

Kuugundua si uchawi. Unachanganya plazma ya mgonjwa na plazma ya mtu mzima kiafya, nusu kwa nusu, unaweka kwenye joto la mwili kama saa mbili, unapima muda wa kuganda. Kama mgonjwa amepungukiwa tu, ya mwenzake itamsaidia na damu itaganda sawa. Kama ana kingamwili, zitaharibu na hiyo ya mwenzake, haitaganda. Dawa za kuzima kuvuja kwenyewe ni ghali kupindukia, sitadanganya. Lakini dawa za kuituliza kinga ya mwili zinaanza na steroidi, zile zile ambazo kila hospitali inazo kwa wagonjwa wa pumu. Msijinunulie, nasema tu kwamba kinachokosekana kwanza ni mtu wa kuuliza.

Nilisema tutarudi kwa mkasi. Japani baada ya Vita vya Pili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia ule mkasi usikate wavu mapema. Walikuwa maskini wa vifaa kiasi kwamba walifanyia utafiti kwa damu yao wenyewe. Utako alikuwa anaingia maabara na mtoto mgongoni, vile mathe zetu huingia sokoni. Mwaka 1962 wakatoa asidi ya traneksamiki. Tangu mwanzo Utako alitaka ijaribiwe kwa kina mama wanaovuja baada ya kujifungua, madaktari wa uzazi wa kwao hawakumsikiliza. Ilichukua karibu miaka 50. Kuanzia 2010 jaribio kubwa likafanywa kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo zikiwemo, waliojifungua kawaida na waliopasuliwa. Matokeo yalitoka Aprili 2017: dawa ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu vinapungua kwa karibu thuluthi moja. Baada ya saa tatu haisaidii. WHO ikaipendekeza mwaka huo huo. Utako alikuwa amekufa Aprili 2016, ana miaka 98. Wanawake wa nchi zetu walikuwa ndani ya lile jaribio, walitoa miili yao kujibu swali ambalo Kobe ilikataa kuuliza. Mimi naona tuna haki ya kuikuta hiyo dawa kwenye kabati la kila thieta.

Lakini dawa inalinda wavu uliopo. Ghala likiwa tupu unahitaji damu ya mtu mwingine, na hapo historia yetu ina madoa.

Kati ya vita viwili vya dunia, Nairobi na Kampala watu waliogopa wazimamoto. Ilisemekana wale askari wa magari mekundu wanakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu wapeleke kwa wazungu. Pwani na Tanganyika jina lilikuwa mumiani. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kilitoka 2000. Ni rahisi kucheka. Lakini utawala ulikuwa unachukua ardhi, kodi na vijana wa kubeba mizigo vitani. Mtu akiambiwa wanachukua na damu, angekataa kwa nini?

Halafu damu yenyewe ikawa hatari kweli. Utafiti uliofanywa katika hospitali sita za Kenya mwaka 1994 ulikadiria kwamba kila mara 100 damu ilipowekwa, mara 2 ilimwambukiza mgonjwa virusi vya Ukimwi. Wakati huo kila hospitali ilijitafutia. Jamaa wa mgonjwa ndio walitoa, vipimo vilikuwa vya kubahatisha.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu likalipua ubalozi wa Marekani Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa, maelfu wakaumia, na Wakenya wakapanga foleni kutoa damu. Ilionekana wazi kwamba nchi haina pa kuipokea. Kwa pesa za Marekani vikajengwa vituo vya damu Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret, Embu na Kisumu, na Kisumu ndiyo ikawa tegemeo letu sisi wa Nyanza. Sera ya taifa ikatoka 2001. Kuanzia 2004 mpango wa Ukimwi wa Marekani, PEPFAR, ukaibeba huduma hiyo mgongoni. Mwaka 2019 ukaitua chini. Mtu hajajipanga bado, tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona.

Shule zinaingiaje hapa? Kwa sababu kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya Kenya imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Basi la vituo vya damu linaingia shuleni, watoto wanatoka kwenye hesabu, wanapewa soda na biskuti. Shule zikifungwa, friji zinakauka. Ilikuwa hivyo 2020 kwa miezi, na hutokea kila Agosti na kila Desemba, na hakuna mtu hushangaa tena. WHO husema nchi ikusanye chupa sawa na asilimia 1 ya watu wake. Kwa Migori na Homa Bay pamoja hiyo ni zaidi ya chupa 22,000 kwa mwaka.

Kwa hivyo 2027 wakija na fulana na lori la spika, mimi nina maswali mawili na nitayauliza kwenye kila mkutano nitakaofika. Hospitali yetu ina friza ya kugandisha plazma, ile ya chini ya sifuri kwa digrii 18, na ina jenereta ya kuishikilia stima ya huku ikipotea? Na maabara ina kemikali za kupima muda wa kuganda mwaka mzima, ama zinaisha Februari? Barabara tumeahidiwa ya kutosha.

Kutoa unaweza kuanzia miaka 16 mpaka 65, ukiwa na kilo 50 kwenda juu na damu ya kutosha. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Nenda umekula, kunywa maji mengi kabla, na usipande boda kurudi home kabla hujapumzika pale angalau dakika 15.